Bitcoin Yako Ni Yeni 50,058: Miaka Kumi ya Kuidai Mt. Gox

Februari 2014, Tokyo. Theluji inaanguka. Nje ya jengo moja la ofisi mtaa wa Shibuya kuna mwanamume amesimama na bango, koti limemfunika hadi shingoni. Amepanda ndege kutoka London kuja kusimama hapo. Bango lake linauliza Mt. Gox pesa zetu ziko wapi. Siku zinapita, waandishi wa habari wanakuja kumpiga picha, wateja wengine wachache wanajiunga naye, jibu haliji.

Hiyo picha iko mtandaoni, mtaipata. Mimi nimeitazama hadi nimeikariri, na kila nikiitazama nafikiria kitu kimoja: huyu jamaa hajui kwamba ndio anaingia kwenye foleni ya miaka kumi. Anadhani anadai bitcoin zake. Kumbe miezi miwili baadaye sheria itamwambia hana bitcoin tena, ana deni tu, na deni lenyewe linahesabiwa kwa yeni.

Hadithi ya Mt. Gox husimuliwa kama hadithi ya wizi, na wizi kweli ulikuwepo. Lakini mwizi alimaliza kazi yake mapema akaenda. Kilichokula miaka ya watu ni karatasi: nani anadai, anadai nini, na kwa bei ya siku gani. Hiyo ndiyo historia nataka tuipitie leo, kwa sababu msee yeyote mwenye hata kripto ya elfu mbili kwa simu anaweza kujipata ndani yake. Mimi nilijipata. Nitafika huko.

Kwanza jina. Mt. Gox si mlima popote. Mwaka 2007 Mmarekani anayeitwa Jed McCaleb alisajili anwani ya mtandao akitaka kufungua soko la kuuziana kadi za Magic: The Gathering, zile za kucheza kwa kompyuta. Herufi za kwanza za jina la hilo soko ndizo zikazaa Mt. Gox. Biashara ya kadi haikufika mbali. Julai 2010 akaigeuza anwani hiyo kuwa soko la bitcoin, wakati ambapo bitcoin moja ilikuwa senti chache tu za dola. Machi 2011 akamuuzia Mark Karpelès, Mfaransa wa mambo ya kompyuta aliyekuwa akiishi Tokyo. Hapo ndipo hatima ya wateja wa dunia nzima iliwekwa mikononi mwa sheria za Japani, na wengi wao hata hawakujua. Ukifungua akaunti unasoma nembo na rangi. Nani husoma kampuni imesajiliwa wapi?

Soko likakua haraka kupita uwezo wa waliolisimamia. Juni 2011 wadukuzi waliingia, na kwa muda mfupi bei ya bitcoin ndani ya Mt. Gox ikaporomoka hadi senti moja. Soko likafungwa siku kadhaa, likafunguliwa, watu wakarudi. Kufikia 2013 ilikadiriwa kwamba asilimia 70 hivi ya biashara yote ya bitcoin duniani inapita hapo. Miaka kumi baadaye, 2023, waendesha mashtaka wa Marekani waliwafungulia Warusi wawili mashtaka wakisema wizi ulikuwa umeanza Septemba 2011. Yaani wakati watu wanafungua akaunti kwa fujo 2013, ndoo ilikuwa imevuja miaka miwili na hakuna aliyeinama kuangalia chini.

Februari 7, 2014 Mt. Gox ikasimamisha utoaji wa bitcoin, ikisingizia hitilafu ya kiufundi. Februari 24 biashara ikasimama na tovuti ikawa ukurasa mweupe. Februari 28 kampuni ikaenda Mahakama ya Wilaya ya Tokyo kuomba ulinzi. Ikasema bitcoin 750,000 za wateja hazionekani, pamoja na kama 100,000 za kampuni yenyewe. Halafu Machi ikatangaza imepata 200,000 kwenye pochi ya zamani ya kidijitali. Wewe ukipata soo mbili kwa jinzi uliyokuwa unataka kufua unafurahi siku nzima. Hawa walipata bitcoin laki mbili.

Hizo laki mbili zishikeni, kwa sababu vita vyote vilivyofuata ni juu yake.

Ombi la kwanza la kampuni lilikuwa la kufufuliwa, yaani ipewe nafasi ipange madeni yake na iendelee kuishi. Mahakama ikaangalia, ikaona hakuna cha kufufua. Aprili 24, 2014 Mt. Gox ikaingia rasmi katika ufilisi, na wakili anayeitwa Nobuaki Kobayashi akawekwa kuwa mfilisi. Kazi ya mfilisi ni kukusanya kila kitu kilichobaki, kupokea madai ya wote wanaodai, kuyachuja, halafu kugawa. Yeye si wakili wako wala wa kampuni. Wengi walikuwa wakimwandikia wakimtusi kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Sasa hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo watu hupotea. Chukua duka la vifaa vya ujenzi Kayole limefilisika. Fundi wa kuchomelea hajalipwa mishahara miwili. Landlord anadai kodi. Kampuni ya saruji ilileta mzigo wa mkopo. Na wewe ulikuwa umelipia mabati 50 ya kumjengea shosh, hayajaletwa. Kila mtu anadai kitu tofauti, na kilichobaki ndani ya duka hakitoshi wote. Utagawaje? Lazima kwanza kila deni liwekwe kwenye kipimo kimoja, yaani pesa, na kwa bei ya siku moja. Kwa hivyo korti inakuambia: wewe si mwenye mabati, wewe ni mdai, na unadai bei ya mabati 50 kama ilivyokuwa siku duka lilipofilisika. Bei ya mabati ikipanda mwaka ujao, hiyo si shida ya korti. Ikishuka, pia unakuwa umebahatika.

Kwa mabati hiyo sheria ina akili. Bei ya mabati haipandi mara ishirini.

Kwa bitcoin, bei ya Aprili 24, 2014 ikawekwa: yeni 50,058.12 kwa kila bitcoin moja, kama dola 483. Hiyo namba ndogo yenye desimali mbili ndiyo iliyoandikwa kwenye maisha ya watu. Ulikuwa na bitcoin 10 ndani ya Mt. Gox? Kuanzia siku hiyo ulikuwa na deni la yeni laki tano na mia tano themanini na moja. Mwaka 2014 hakuna aliyelia sana kuhusu hilo, kwa sababu bei ilikuwa inashuka, na kulipwa kwa bei ya Aprili kulionekana kama bahati.

Kupeleka dai lenyewe kulikuwa kazi. Novemba 2014 mfilisi alichagua Kraken, soko lingine la bitcoin, limsaidie, na mwaka 2015 milango ya madai ikafunguliwa. Ilibidi uonyeshe wewe ni nani, akaunti yako ilikuwa gani, salio lilikuwa kiasi gani, na utake kulipwa kwa njia ipi. Wapo waliokuwa wamefungua akaunti kwa jina la kubuni na barua pepe ya kutupa, kwa sababu siku hizo raha ya bitcoin ilikuwa hakuna mtu anakuuliza jina. Sasa walitakiwa kuithibitishia mahakama ya Tokyo kwamba wao ndio yule mtu wa jina la kubuni. Na wapo waliofanya kinyume: waliandika namba yoyote iliyowajia kichwani. Madai yote yaliyopelekwa yalipojumlishwa yalifika matrilioni ya dola. Mfilisi akachuja, na Mei 2016 akabakiza madai kama elfu ishirini na nne na kitu, yote pamoja yakiwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola.

Nikisoma hapo nafikiria sisi tungethibitishaje. Wengi wetu tulinunua kripto kwa mtindo wa mtu kwa mtu: unatafuta muuzaji ndani ya soko, unamtumia M-Pesa, sarafu inaingia kwa akaunti yako. Ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwa simu unasema umemtumia mtu fulani usiyemjua shilingi elfu nane. Jina la soko halipo popote. Ushahidi wote kwamba hiyo elfu nane iligeuka kuwa sarafu uko ndani ya kompyuta za kampuni iliyokufa. Ndiyo maana Machi 2014, Mt. Gox ilipofungua ukurasa wa watu kuingia na kuona salio lao tu, bila kuweza kulitoa, waliokuwa na akili walipiga picha ya skrini kabla ya kulia.

Halafu ikaja 2017.

Bitcoin ikapanda mwaka mzima, na Desemba ikakaribia dola 20,000. Kumbuka mfilisi bado amekalia zile laki mbili. Na kumbuka deni lilifungwa kwenye dola 483. Piga hesabu: madai yote yaliyokubaliwa kwa bei ya 2014 yangeweza kulipwa kwa kuuza sehemu ndogo tu ya sarafu. Na kweli, kati ya Desemba 2017 na Februari 2018 Kobayashi aliuza bitcoin kama 35,000, pamoja na sarafu nyingine ya bitcoin cash, akapata zaidi ya yeni bilioni 42. Kampuni iliyofilisika, kwa karatasi, ilikuwa tajiri.

Sasa swali la mabati linarudi, lakini limegeuka sumu. Kama kila mdai akilipwa deni lake lote kwa bei ya 2014, kinachobaki ni cha nani? Sheria ya ufilisi inasema baada ya wadai wote kulipwa, masalio huenda kwa wenye hisa. Na mwenye hisa mkubwa wa Mt. Gox alikuwa Tibanne, kampuni yenye asilimia 88. Mwenye Tibanne? Mark Karpelès. Yule yule ambaye soko lilipotea mikononi mwake, ambaye alikamatwa Japani Agosti 2015 na wakati huo kesi yake ilikuwa inaendelea, ndiye sheria ilikuwa inaelekea kumkabidhi bitcoin zinazozidi laki moja. Wateja walioibiwa wangepewa dola 483 kwa kila sarafu na kuambiwa asanteni, mmelipwa asilimia mia.

Hakuna aliyekuwa amevunja sheria kufikia hapo. Hilo ndilo linaniuma nikiisoma. Mfilisi alifanya kazi yake, mahakama ilifuata vifungu, hesabu ilikuwa sahihi hadi desimali ya pili. Na matokeo yangekuwa ujinga mtupu. Karpelès mwenyewe, Aprili 2018, alijitokeza mtandaoni akasema hizo pesa hazitaki na angependa ziende kwa wadai. Unaweza kumwamini au usimwamini, mimi sijui ningefanya nini nikiwa yeye, lakini hata akikataa sheria haikuwa na mahali pa kuandika "amekataa".

Waliookoa hali ni wadai wenyewe. Watu waliotawanyika nchi zaidi ya mia, wengi hawajawahi kuonana, walijipanga kwa vikundi vya mtandaoni, wakachanga pesa, wakatafuta mawakili wa Kijapani. Tangu Novemba 2017 kuna waliokuwa wameomba mahakama iitoe Mt. Gox kwenye ufilisi na kuirudisha kwenye ule utaratibu wa kufufua kampuni, ule ule uliokataliwa 2014. Hakuna aliyetaka Mt. Gox ifufuke. Walitaka kitu kimoja: chini ya utaratibu wa kufufua, deni la bitcoin si lazima ligeuzwe kuwa yeni. Unaweza kudai sarafu na kulipwa sarafu.

Juni 22, 2018 mahakama ikakubali. Yeni 50,058 ikapoteza nguvu yake kwa upande wa sarafu.

Furaha ikaja na fomu nyingine. Utaratibu mpya ulimaanisha madai yapelekwe upya, kwanza kabla ya Oktoba 22, 2018, halafu tarehe ikasongezwa hadi Desemba 26. Na mfilisi, kufikia katikati ya mwaka huo, alikuwa ameuza bitcoin kama 60,000 kwa jumla. Zilibaki kama 142,000. Kuna wadai ambao hadi leo wanazungumzia hizo 60,000 kama mtu anayezungumzia shamba la babu lililouzwa kabla barabara haijapita. Mimi namtetea Kobayashi kidogo hapo: aliuza wakati bei iko juu, na mwisho wa 2018 bitcoin ilikuwa chini ya dola 4,000. Angengoja mngemtusi pia.

Kutoka hapo hadi malipo ilichukua miaka mingine mitano, na sitawachosha na yote. Kampuni ya Marekani iitwayo CoinLab, iliyokuwa na kesi ya mkataba na Mt. Gox tangu 2013, kesi ya dola milioni 75, mwaka 2019 ilipandisha dai lake hadi dola bilioni 16. Ndiyo, bilioni. Dai moja lenye mzozo linaweza kuziba njia ya maelfu, kwa sababu msimamizi hawezi kugawa kila kitu halafu agundue baadaye kwamba huyo naye alistahili. Tarehe ya kuwasilisha mpango wa malipo ikawa inasongezwa, inasongezwa. Mwaka huo huo wa 2019 Karpelès alihukumiwa: akapatikana na hatia ya kuchezea rekodi, akaondolewa hatia ya kuiba pesa za wateja, kifungo cha miaka miwili na nusu kikaahirishwa, akaenda nyumbani.

Na hapo katikati ndipo wenye pesa walipoingia. Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji ya Fortress kutoka New York iliwaandikia wadai ikitaka kununua madai yao kwa kama dola 900 kwa kila bitcoin. Sokoni bitcoin ilikuwa maelfu ya dola. Lakini ukiwa umesota, umengoja miaka mitano, una karo ya mtoto, dola 900 mkononi inakuita kwa jina. Wapo waliouza, na siwacheki. Yule anayeweza kungoja ndiye hununua kutoka kwa yule asiyeweza, na hiyo haikuanza na kripto.

Oktoba 2021 wadai walipiga kura juu ya mpango, waliopiga wakaukubali karibu wote, na Novemba ukawa rasmi. Desemba 2023 yeni za kwanza zikaanza kuingia kwa akaunti za watu kupitia PayPal. Wengine walitumiwa mara mbili kwa makosa, wakaandikiwa warudishe. Sisi ambao tumewahi kutumiwa M-Pesa kimakosa halafu tukapigiwa simu na sauti ya kulia tunaelewa hiyo hali. Julai 2024 bitcoin zenyewe zikaanza kutoka, kupitia masoko kama Kraken na Bitstamp. Wakati huo moja ilikuwa kati ya dola 55,000 na 68,000.

Hesabu ya mwisho basi. Mwenye bitcoin 10 mwaka 2014: kwa ile bei ya ufilisi angepewa dola 4,830 na faili ifungwe. Kwa njia ya kufufua hakurudishiwa zote 10, hazikuwepo. Alipata kati ya moja na mbili hivi, na pesa taslimu kidogo. Hata tuseme ni moja tu. Hiyo moja ilikuwa zaidi ya mara kumi ya zile dola 4,830. Tofauti yote hiyo imetoka kwa swali la karatasi, kwamba deni lako linaandikwa kwa kipimo gani.

Mtu ataniambia hiyo ni Japani ya zamani, siku hizi mambo yamenyooka. FTX ilianguka Novemba 11, 2022 na kesi ikaenda Delaware, Marekani. Bei ya bitcoin ikafungwa siku hiyo: dola 16,871. Masharti ya FTX yenyewe yalisema mali ni ya mteja. Wateja wakamwandikia jaji John Dorsey wakimwomba asiwahesabie kwa bei ya siku mbaya kuliko zote. Mwanzo wa 2024 akasema sheria ya ufilisi ya Marekani iko wazi, thamani ni ya siku ya kufilisika, yeye hawezi kuiandika upya. Februari 18, 2025 wenye madai madogo, yasiyozidi dola 50,000, wakaanza kulipwa kama asilimia 119. Vichwa vya habari vikashangilia wamelipwa zaidi ya walichopoteza. Asilimia 119 ya 16,871 ni kama dola 20,000. Siku hiyo bitcoin moja ilikuwa inapita dola 90,000. Aliyekuwa na bitcoin moja amelipwa "zaidi ya yote" na hawezi kununua hata robo ya alichokuwa nacho.

Celsius ndiyo mbaya zaidi, ingawa watu hawaizungumzii sana. Januari 2023 jaji Martin Glenn wa New York aliamua kwamba sarafu zilizowekwa kwenye akaunti za kuzalisha riba zilikuwa mali ya kampuni, kwa sababu masharti ambayo kila mteja alibonyeza kukubali yalisema hivyo. Akaunti kama laki sita. Ule mstari unaopita na kidole ukitafuta kitufe cha "nakubali", ndio uliosomwa kortini.

Na kuna jambo jingine la zamu hii ambalo watu wa 2015 hawakupata kwa kiwango hiki. Agosti 2023 Kroll, kampuni iliyokuwa ikipokea madai ya FTX, ilidukuliwa baada ya laini ya simu ya mfanyakazi wake kuhamishwa na wezi. Mnaijua hiyo mbinu, imemaliza watu hapa. Majina na anwani za wadai zikatoka, na barua pepe bandia zikaanza kumiminika: bonyeza hapa utoe pesa zako. Kwa hivyo mdai anapata barua kumi, tisa za wezi na moja ya kweli yenye tarehe ya mwisho, na zote zinafanana.

Sasa mimi.

Nilikuwa na kitu kama shilingi 41,000 kwenye soko moja la nje ambalo sitalitaja. Pesa za kuhariri video za harusi, mwaka wangu wa kwanza chuo. Akaunti niliifungulia kwa barua pepe ya chuo, kwa sababu ndiyo nilikuwa nayo kwa simu siku hiyo. Soko likafunga. Nikasema ni kupigwa kama kupigwa kwingine, nikanyamaza, hata mathe sikumwambia. Baadaye nikaacha masomo, na chuo kikazima ile barua pepe, kama kawaida yao. Taarifa ya kupeleka madai ilitumwa huko. Fomu, namba ya siri, tarehe ya mwisho, vyote vilikaa ndani ya sanduku ambalo siwezi kulifungua. Nilijua juu ya tarehe hiyo miezi minne baada ya kupita, wakati beshte wangu tuliyekuwa naye hosteli alinitumia picha ya skrini akinionyesha amelipwa elfu kumi na sita.

Hapo ndipo nilianza kusoma kuhusu Mt. Gox usiku. Nilitaka kujua kama kuna mtu aliwahi kurudi mlangoni baada ya mlango kufungwa.

Benki ikianguka hapa kwetu, angalau kuna Shirika la Bima ya Amana, KDIC, na tangu 2020 linalinda hadi shilingi laki tano. Imperial ilipowekwa chini ya msimamizi Oktoba 2015 kiwango kilikuwa laki moja, na bado watu walipanga foleni, lakini walijua foleni iko wapi. Kwa kripto hakuna KDIC. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na leseni sasa zitatoka kwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nimefurahi. Lakini soko langu halikuwa na ofisi hapa, na dai langu linaenda kwa korti ambayo nimeiona kwa ramani tu.

Nilienda chuoni kuomba waifungue ile barua pepe kwa siku moja. Nikatumwa ofisi tatu. Ya tatu dada mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hizo pesa ni za fees?" Nikamwambia hapana. Akasema basi niandike barua. Niliandika. Nikaandika nyingine kwa mfilisi, kwa Kiingereza changu chote, nikieleza kwa nini nimechelewa, nikaambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita yenye majina ya watu nisiowajua na barua ya kuonyesha niliacha masomo lini. Korti ya huko inaweza kukubali dai la kuchelewa ukiwa na sababu inayoeleweka. Inaweza pia kukataa.

Mt. Gox bado haijamaliza. Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa Oktoba 2023, ikasongezwa hadi Oktoba 2024, halafu Oktoba 2025, na sasa ni Oktoba 2026. Zimebaki bitcoin zaidi ya 34,000 ambazo wenyewe hawajalipwa, baadhi kwa sababu hawajakamilisha karatasi zao. Langu linasema "limepokelewa". Limesema hivyo tangu Machi.